Shubiri ya Shangazi Eufrasia

Niwajibu kwanza wote mnaouliza kuhusu sikio langu. Ndiyo, ni rangi ya mafuta. Ndiyo, ni ya buluu. Nimeisugua kwa mafuta ya taa, mama ameikwangua kwa ukucha, na bado ipo. Kila ninayekutana naye hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, ananisalimia huku akitazama sikio badala ya macho, na nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja kasikia habari za ng'ombe, mwingine kasikia nililikimbiza basi, mwingine anaapa kwamba nilianguka ziwani. Sikuanguka ziwani. Nilisukumwa, tena kwa upendo. Basi yote nayaweka hapa kwa mpangilio, ili nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Msionijua heri niutaje mapema. Mimi ni mtu wa herufi. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kunakili maandishi ya magunia ya mbolea na milango ya maduka, nikaendelea kwa simu, kisha kwa kompyuta mpakato iliyong'oka kitufe cha P. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichora fonti, yaani seti nzima ya herufi za kuchapia, niliyoipa jina la Mazwi. Niliianza kwa sababu Kiswahili kimejaa M na W na N na Y zinazokanyagana, na herufi nyingi tunazotumia zilichorwa na watu ambao hawajawahi kuandika neno "mwenyewe" maishani mwao. W zao zinagombana na E. Nilitaka nizipatanishe.

Mmeiomba fonti hiyo mpaka mmechoka. Mmoja wenu aliitaka kwa kadi za harusi yake. Ameshaoa, ana mtoto. Sijaitoa kwa sababu ya K. Nikirefusha mguu wake, mkono unaonekana mfupi. Nikirefusha mkono, herufi nzima inakaa kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Na nikiwa na wasiwasi napata kwikwi. Si kwikwi za kistaarabu. Ni za kuku aliyemeza kokoto.

Sasa, shangazi. Shangazi Eufrasia, dada yake baba, anafanya biashara ya dagaa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Boti yake ya kwanza aliinunua kwa jasho lake, lakini haikuandikwa jina, na kule boti isiyo na jina huitwa kwa jina la anayeonekana ameshika usukani. Nahodha wake anaitwa Credo. Kwa hiyo ufukweni kote ikawa "boti ya Credo". Wanunuzi wakapatana na Credo, wageni wakaja kuiazima kwa Credo. Siku moja mtu wa ng'ambo akamkuta shangazi amekaa ndani ya boti yake anapanga ndoo, akamwuliza kwa adabu zote: "Mama, wewe ndiye mke wa Credo?" Siku hiyo shangazi aliapa kwamba boti mpya aliyokuwa akiundiwa haitagusa maji bila jina.

Akanipigia simu. "Mwanangu, nataka EUFRASIA MWENYEWE. Kwa buluu, juu ya ukanda mweupe, pande zote mbili. Na isomeke kutoka majini, mtu akiwa bado hajaona nani kashika usukani."

"Kimo gani, shangazi?"

"Shubiri mbili. Na urefu shubiri thelathini. Tutashusha Jumapili baada ya misa, padre kashaambiwa."

Mtandao ukakatika hapo. Shubiri, kwa asiyeijua, ni kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Nikaipima yangu kwa rula ya chuma, mara tatu, nikachukua wastani. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nilikuwa makini.

Sumbawanga hadi Chala: fundi bomba

Niliondoka na begi moja na bomba la plastiki, lile la maji, refu kama mimi. Ndani ya bomba kulikuwa na kazi yangu yote. Jina zima la shangazi nilikuwa nimelichora kwenye karatasi la kaki, kisha nikalitoboa matundu kwa sindano kufuata kila mstari. Ukibandika karatasi hilo ubavuni mwa boti na kulipapasa kwa soksi yenye unga wa mkaa, ukibandua unakuta nukta nyeusi zimebaki zikikuonyesha njia ya brashi. Kukosea haiwezekani. Ndiyo maana naipenda njia hiyo.

Asubuhi ya Sumbawanga mnaijua: pumzi inaonekana, watu wamevaa makoti juu ya masweta, na konda wetu alikuwa amefunga kitenge kichwani kama mgonjwa wa jino. Akalitazama bomba.

"Fundi bomba, hilo linakwenda juu ya keria."

"Mimi sio fundi bomba. Humu mna karatasi. Haliwezi kukaa juu."

"Karatasi gani inasafiri kwenye bomba?"

"Karatasi lenye matundu."

Akanitazama kwa huruma. "Basi pita, fundi. Kaa nalo."

Nikakaa nalo katikati ya magoti. Baba mmoja mwenye kofia ya sufu akageuka kuniuliza kama naweza kumfungia bomba la jikoni kwake Namanyere. Nikamweleza kuhusu herufi, na M na W, na ugomvi wao na E. Alinisikiliza vizuri kabisa, akitikisa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Na koki inayovuja?"

Njia nzima nilisoma. Ndivyo ninavyosafiri, wenzangu wanaona mashamba ya mahindi, mimi naona vibao. Kuna duka la pembejeo lenye S inayotaka kuanguka kifudifudi, na kanisa dogo lililoandikwa na mtu aliyeanza kwa herufi pana, akaona ukuta unakwisha, akambana Bwana Yesu kwenye kona. Nilicheka peke yangu mpaka kwikwi moja ikanitoka. Baba wa kofia ya sufu akanipa maji.

Chala: palipobaki CHA

Tulipoingia Chala gurudumu la nyuma likatoa pumzi. Konda akasema tushuke, tule, kazi itachukua muda. Nikaingia kwenye mgahawa wa mama mmoja anayeitwa Mama Restituta. Nikala ugali na maharage yaliyoungwa kwa karanga, maharage ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafumba macho. Ukutani nje palikuwa na ubao mweusi mtupu.

"Ubao huu wa nini, mama?"

"Ulikuwa na maandishi, mvua ikala. Watu wanapita wakidhani nimefunga."

Mikono ikaanza kuniwasha. Mfukoni mwa sweta nilikuwa na brashi moja na kikopo kidogo cha rangi nyeupe, maana siendi popote bila hivyo. Nikamwambia nitamwandikia CHAKULA KIPO, bure, dakika chache tu.

Ninyi mnajua "dakika chache" zangu. Nikapiga mistari ya chaki. Nikaifuta. Nikapiga mingine. Ubao ulikuwa umepinda, kwa hiyo nikalazimika kuamua kama nifuate ubao au nifuate dunia. Nikaandika C, nikaona tumbo lake limelegea, nikaifuta kwa kitambaa nikaianza upya.

"Mwanangu," Mama Restituta alisema kutoka jikoni, "watu wana njaa, wewe unapima."

"Nakaribia, mama. Nikishapata C, nyingine zinafuata."

Honi ikalia. Nikadhani wanafukuza mbuzi. Nikaandika H, nikaipenda. Honi ikalia tena, kwa muda mrefu. Nikaandika A. Nikarudi hatua tatu nyuma nione nafasi kati ya H na A, nikageuka kidogo kupisha baiskeli, na pale lilipokuwa basi palikuwa na alama za magurudumu na kuku mmoja anadonoa.

Basi lilikuwa limekwenda na begi langu. Limekwenda na bomba.

Kwikwi zikaja zote kwa pamoja. Mama Restituta akatoka na mwiko mkononi, akatazama barabara, akatazama ubao, akasoma kwa sauti: "CHA." Akaanza kucheka. Wateja wake wakatoka, nao wakasoma, "CHA," wakacheka. Nami, na Mungu ananiona, nikaanza kucheka na kwikwi kwa wakati mmoja, jambo ambalo simshauri mtu.

"Nenda, mwanangu, kimbia!" akasema. "CHA inatosha. Mwenye njaa ataelewa."

Nikamwachia brashi na kikopo, nikakimbia. Nililikimbiza basi kwa miguu kama mita mia hivi. Hiyo ndiyo sehemu mliyoisikia.

Nyuma ya basi, mpaka kwa ng'ombe

Kijana wa bodaboda alikuja kando yangu bila haraka, akipunguza mwendo ili twende sambamba.

"Mambo, sista. Mazoezi au shida?"

"Basi la Kirando! Limeondoka na, hik, jina la shangazi!"

"Jina la shangazi liko ndani ya basi?"

"Ndani ya bomba!"

Hakuuliza zaidi. "Panda. Hilo basi ni jizee, tunalikamata."

Ninyi wote mmepanda bodaboda, lakini hamjapanda mkiwa na kwikwi. Kila iliponijia, paji langu liligonga kisogo cha kofia yake, naye kila mara alijibu, "Nimesikia, sista," akidhani namwambia aongeze. Akaongeza. Machozi ya upepo yakanitoka, mashamba yakapita kama karatasi zinazofunuliwa, na katikati ya hofu ile nikajikuta napiga kelele za furaha kama mtoto kwenye bembea. Nilikuwa na sababu zote za kulia. Sijui kilichonipata.

Na basi tukalikuta. Limesimama, abiria wote wako chini, kwa sababu mbele yake barabara ilikuwa imejaa ng'ombe, na katikati ya barabara jike mmoja mwekundu alikuwa amelala chini, anacheua, kama yuko kwao. Dereva anapiga honi. Ng'ombe anafumba macho.

"Fundi bomba huyo!" konda akapaza sauti. "Tulidhani umepata kazi Chala!"

Bomba lilikuwepo. Baba wa kofia ya sufu alikuwa amelishika kwa mikono miwili kama mshumaa wa Pasaka. Nilitaka kumkumbatia. Lakini macho yangu yalikwishaona kitu kingine. Kwenye paja la yule ng'ombe mwekundu palikuwa na herufi iliyochomwa kwa chuma cha moto. Ilikuwa R. Na haikuwa kama R yoyote niliyowahi kuiona: kichwa kipana, mguu umejivuta kufuata msuli, hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na bado ukiitazama huwezi kusema inataka kuongezwa kitu. Nikachuchumaa nikaanza kuifuata kwa kidole.

"Wewe!" Mzee mwenye fimbo na koti la mpira alinijia mbio. Alikuwa mfugaji, Msukuma, mmoja wa wale waliohamia huku na mifugo yao. Baadaye nilimsikia akiitwa Mabula. "Unatafuta nini kwa ng'ombe wangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa ofisi ya mifugo?"

"Hapana, mzee. Naisoma tu."

"Ng'ombe hasomwi, anahesabiwa! Nani kakutuma?"

Hapo abiria wakaanza kunitetea, kila mmoja kwa lake. Konda akasema mimi ni fundi bomba. Baba wa kofia akasema hapana, ni mtu wa M na W. Mzee Mabula akazidi kunishuku. Ikabidi nimweleze kwamba naandika herufi, kwamba hiyo R imenipendeza, na kwamba nataka kujua aliyeichora alifanyaje mguu ule.

Halafu akacheka, meno yote nje.

"Hakuna aliyeuchora hivyo! Alipigwa chapa akiwa ndama, herufi ilikuwa kama kiganja cha mtoto. Ng'ombe kakua, nayo ikakua. Kanenepa, ikanenepa. Ulitaka abaki ndama ili herufi yako isiharibike?"

Abiria wakaangua kicheko. Mzee akamgusa yule jike kwa ncha ya fimbo, akamwambia neno moja la Kisukuma ambalo dereva hakulijua kwa honi zake zote, naye akainuka polepole na kwenda zake, R ikitikisika pajani kama imesikia.

Kushuka ziwani

Baada ya Namanyere nchi inaanza kuteremka, na basi zima likavua nguo. Nasema kweli. Kwanza makoti, kisha masweta, kisha soksi. Konda akafungua kitenge chake kichwani, tukaona kumbe ana nywele nzuri. Masikio yakaziba na kuzibuka. Harufu ya samaki ikapanda kutukuta kabla hatujaona maji. Halafu ziwa likatokea pale chini, buluu ileile ya kopo nililokuwa nalo kwenye begi, nikachukulia kuwa ni ishara njema.

Shangazi alinipokea stendi. Shangazi yangu ni mwanamke mrefu, na alipoweka mkono wake kichwani pangu kunibariki, vidole vilishuka mpaka kwenye nyusi. Hilo lingepaswa kuniambia kitu. Halikuniambia.

"Umekonda! Herufi zinakula kuliko wewe."

Akanilisha migebuka, samaki wa ziwa lile, ya kukaanga kwa ugali mpaka nikahema. Credo alikuwapo, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu na tabia ya kuchokoza bila kutabasamu. "Kwa hiyo wewe ndiye umekuja kuninyang'anya boti," alisema. "Jina lenyewe refu kuliko chombo. Kwa nini msiandike CREDO tu? Herufi tano, mtoto angemaliza kabla ya chai."

"Kula ugali wako, Credo," shangazi akasema.

Jumamosi: ukanda mweupe

Boti ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo mchangani, ndefu, nzuri, inanukia mbao na lami. Ubavuni ulipita ukanda mweupe ambao shangazi mwenyewe alikuwa amemwelekeza fundi auache, kwa vipimo vyake. Watu walikuwa wamekusanyika: wanawake wanaoanika dagaa, mafundi, wavuvi waliorudi asubuhi. Nikafungua bomba kwa madaha. Nikakunjua karatasi. Watu wakasema, "Ooo," kwa sababu lile karatasi likielekezwa juani matundu yake yanang'aa kama nyota, na jina zima linaonekana limeandikwa kwa mwanga. Hiyo ilikuwa dakika bora ya maisha yangu, na ilikuwa fupi.

Tukalibandika kwenye ukanda.

Lilikaa pale kama leso ya mtoto kwenye meza ya harusi. Juu palibaki peupe, chini palibaki peupe, na upande wa nyuma palibaki nafasi ya kulaza mtu mzima na mkewe. Kisha Credo, kwa sauti yake ya taratibu, akauliza:

"Hii ni ya boti, au ya kopo la sukari?"

"Shangazi," nikasema, "ulisema shubiri, hik, mbili."

"Ndiyo, mbili." Akaukunjua mkono wake ubavuni mwa boti. Akauweka tena juu ya pale ulipoishia. Ukanda ukajaa barabara, chini hadi juu. Nami nikaweka wangu pembeni ya wake, na watu wote wakaiona mikono ile miwili, mmoja kama jani la mgomba, mwingine kama wa mtu anayeomba chumvi.

Shangazi alicheka mpaka akakaa mchangani. Wanawake wa dagaa walishikana mabega. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nafikiria rula yangu ya chuma, na wastani.

"Nirudi Sumbawanga," nikasema. "Nipe wiki mbili, nichore upya, nitoboe upya. Nitaleta kitu kisicho na kasoro."

Akaacha kucheka. Akanivuta nikae karibu naye.

"Mwanangu, padre anakuja kesho. Watu wa kusukuma nimeshawaalika, chakula nimeshapika. Boti hii ikiingia majini na ukanda mtupu, keshokutwa ni boti ya nani?"

"Ya Credo," Credo akajibu mwenyewe. "Sitaki, lakini ndivyo itakavyokuwa."

"Umesikia. Nimebeba ndoo miaka yote hii si ili niitwe mke wa Credo. Mke wa Credo mwenyewe hataki kuitwa hivyo."

"Kweli," Credo akasema.

Bila karatasi mimi sikuwa mtu. Sijawahi, narudia, sijawahi kuandika neno kubwa hadharani kwa mkono mtupu. Nilisimama nikatazama ule weupe wote, na kilichonijia kichwani, sijui kwa nini, ni paja la ng'ombe. Nikamwomba shangazi mkono wake.

Nikakisugua kiganja chake kwa mkaa wa ile soksi. "Piga hapa," nikamwambia. "Halafu hapa. Nenda hivyo mpaka mwisho." Akaelewa mara moja. Akatembea ubavuni mwa boti yake, akiweka shubiri baada ya shubiri, na kila alipoinua mkono palibaki nukta mbili nyeusi, ya gumba na ya kidole cha mwisho. Watu wakaanza kumhesabia kwa sauti kama kwenye ngoma. Mwisho wa ukanda na mwisho wa hesabu vikakutana palepale.

Nikashika brashi pana. Nikaanza E, mbele kabisa, pale mbao zinapojikunja kuelekea ncha. Kwenye karatasi E yangu ilikuwa imenyooka kama askari. Huku haikuwezekana, nikaiacha mikono yake mitatu iufuate mkunjo, ikajivuta, ikanenepa kidogo. Nikaijia U. Nikaijia F. Kwikwi ikanijia kwenye R, mguu ukaruka, nikasimama nikausubiri moyo wangu unikataze kuendelea. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Hiyo imechangamka!" Nikaendelea.

Naomba mniamini: nilianza kuimba. Mimi. Nilikuwa na rangi mpaka kwenye viwiko, jua linachoma, watu wananielekeza ("ongeza tumbo!" "hiyo A imesimama vizuri, ina miguu ya kwetu!"), na M ikaja, na W baada yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hazikugombana, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kuzisikiliza. Upande wa pili niliuandika bila hata kurudi nyuma kutazama. Jua lilipokuwa linazama MWENYEWE ya pili ilikuwa imepata E yake ya mwisho, nyembamba kidogo kuliko nyingine, kama abiria aliyewahi kiti cha mwisho.

Jumapili na Jumatatu: kutoka majini

Rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja. Nililijua hilo. Nilichokisahau ni kwamba boti haiingii majini yenyewe.

Padre alibariki, akanyunyiza maji, akasoma jina kwa sauti na kutabasamu. Kisha watu wakaingia ubavuni, mabega kwa mabega, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, na kila kiitikio boti ikasogea. Nilikuwa nazunguka nikipiga kelele, "Msiguse ukanda! Sukumeni chini ya ukanda!" Walinitii vizuri sana. Halafu gogo moja likateleza, boti ikainama upande wetu, kila mtu akaegemea kwa nguvu zake zote, nami nikaegemea kwa nilichokuwa nacho karibu zaidi, nacho kilikuwa kichwa.

Ikaingia majini. Vigelegele vikapigwa. Nikageuka kuitazama, na pale kwenye W ya kwanza ya MWENYEWE, katikati kabisa, palikuwa na sikio. Si doa. Sikio kamili, na mikunjo yake yote, na ndewe.

Nikaanza kuingia majini na brashi, nikiwa na nguo zangu. "Nirekebishe kidogo tu, shangazi! Dakika chache!"

Shangazi akanishika bega, akaitazama W, akanitazama sikio, na kile kicheko kikaanza tena kutoka tumboni. "Acha. Ibaki. Wakiuliza nani kaandika, waje wapime." Nikajaribu kumpita. Hapo ndipo aliponisukuma. Maji ni ya uvuguvugu kule, sina malalamiko.

Jioni boti ikaenda kuvua. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa ufukweni kabla ya wanunuzi wa dagaa, nikiwa na kwikwi, nikijiambia kwamba E ya mwisho haisomeki, kwamba kutoka mbali M itaonekana ukuta, kwamba nimemharibia shangazi jambo moja tu alilolitaka. Shangazi alisimama pembeni yangu, mikono kifuani. Kwikwi zangu hazikumchekesha, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa vilevile.

Boti zikaanza kutokea, vijidoa kwanza. Wanunuzi wakajipanga na ndoo zao. Mama mmoja mwenye kilemba cha njano, ambaye Jumamosi hakuwepo, akaweka mkono juu ya macho. Jua lilikuwa nyuma yetu, likaupiga ule ukanda.

"Boti ya nani inakuja?" mwenzake akauliza.

Mwenye kilemba akakaza macho mpaka kwikwi yangu ikasimama yenyewe.

"Eufrasia," akasema. "Eufrasia mwenyewe. Twendeni kwa Eufrasia!"

Wakapita kando yetu wakikimbia na ndoo. Shangazi alikunjua mikono yake, akaifuta kwenye kanga, na kutembea mpaka kwenye maji kupokea wateja wake. Credo akaruka kutoka kwenye boti, akanikuta nimesimama.

"Leo nimeshuka kama abiria," akasema. Na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na ndoo ya dagaa miguuni kwangu na konda yuleyule. Bomba nilikuwa nimemwachia shangazi, analitumia kuanikia nguo, kwa hiyo konda hakujua tena aniite nani, akaamua "fundi sikio".

Chala niliomba wasimame. Ubao wa Mama Restituta ulikuwa umejaa. CHA yangu ilikuwa palepale, safi, imejinyoosha, na baada yake mama alikuwa amemalizia KULA KIPO kwa kidole chake, nene, zikipanda mlima. Mguu wa K yake ya kwanza ulikuwa mrefu kiasi kwamba U ilibidi ipande juu yake. Mgahawa ulikuwa umejaa watu. Nilikula maharage yangu chini ya K ile, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kulalamika.

Faili la Mazwi nimelituma pamoja na haya maandishi, herufi zote, kubwa na ndogo. Wewe uliyeitaka kwa harusi, itumie kwa ubatizo wa mtoto. Mguu wa K bado ni mfupi kidogo. Naujua. Msiniambie.